Video imetembea, wateja hawaonekani: kutafuta kasoro kwenye tangazo lililosambaa

Simu za namna hii hunijia zaidi Jumatatu asubuhi, baada ya wikiendi ambayo klipu ya mtu imezunguka kwenye magrupu: "Kaka, video imetembea balaa, watu laki tatu wameangalia. Lakini dukani ni wale wale."

Natengeneza video za matangazo hapa Dar es Salaam. Wateja wangu ni maduka ya Kariakoo, mafundi samani wa Keko, saluni za Sinza na mama lishe kadhaa. Kasoro wanazoniletea si nyingi, ila zinajirudia. Nimezipanga kwa dalili, kwa kuwa mwenye shida huanzia kwenye kile anachokiona. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayokutana nayo mara nyingi, na ukaguzi usio na gharama umekuja kabla ya ule wa kutoa hela. Ukifika palipoandikwa "Simama hapa", tafadhali simama kweli. Nimeona watu wakipoteza mtaji kwa kuendelea.

Kwanza kabisa: unasoma namba ya nini?

"Kutazamwa" hakuna maana moja. Facebook kwa miaka mingi ilihesabu mtazamo kuanzia sekunde 3. Video fupi za YouTube, tangu Machi 31, 2025, zinahesabiwa kila zinapoanza kucheza au kujirudia, hata mtu akizipita hapo hapo. Mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama iliokuwa ikiwaonyesha watangazaji ulikuwa umekuzwa kupita ukweli.

Kwa hiyo fungua takwimu za ukurasa wako uandike kwenye daftari vitu vinne: watu walitazama kwa sekunde ngapi kwa wastani, wangapi waliisambaza, wangapi waliihifadhi, na wangapi walikutumia ujumbe. Hizo ndizo namba za mtu aliyesimama. Laki tatu ya vidole gumba vilivyopita haikulipii pango.

Dalili ya 1: Watazamaji wengi, oda hakuna

*Sababu inayoongoza: watu hawakujua tangazo ni la nani.*

Fikiria safari ya klipu hapa mjini. Mtu anaidaka kwenye ukurasa wako, anaitupia kwenye grupu la familia, shemeji yake anaipeleka grupu la Yanga, mwingine anaiweka stetasi. Ikifika kwa mtu wa nne, jina la akaunti yako limebaki nyuma, maelezo uliyoandika chini yamebaki nyuma, na namba ya simu uliyoibandika kwenye komenti imebaki nyuma. Kinachosafiri ni picha na sauti tu. Kama duka lako halimo ndani ya picha au sauti, halikusafiri.

Ukaguzi wake ni bure. Nenda kijiwe ambacho hawakujui, onyesha watu watano video. Usiwaulize kama wameipenda, watakusifia kwa adabu. Rudi kesho yake uulize, "Ile video ya jana ilikuwa ya duka gani?" Watatu wakishindwa kujibu, kasoro umeipata.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara ya mtu mwingine. Miaka ya mwanzo nilitengeneza klipu ya kijana anayepeleka godoro Mbagala kwa bodaboda, mvua inamkuta njiani, abiria wa daladala wanatoa vichwa madirishani kila mmoja na ushauri wake. Watu walicheka sana na ikasambaa. Jina la duka lilitokea sekunde mbili za mwisho, zile ambazo wengi hawafiki. Wiki iliyofuata waliokwenda kununua godoro waliingia duka la kwanza waliloliona, na la kwanza kutokea barabarani lilikuwa la jirani. Fedha ya mteja wangu ilimtangaza mshindani wake. Hadi leo linaniuma.

Marekebisho yake si kubandika nembo kubwa kwenye kona. Thales Teixeira, alipokuwa mwalimu wa Harvard, alifuatilia macho na nyuso za watu wakitazama matangazo, na mwaka 2012 akaandika kwamba nembo inapotawala kioo watazamaji huondoka. Kinachosaidia ni jina kuonekana na kupotea, mara kadhaa, ndani ya kisa chenyewe. Kwetu hiyo ina maana ya maandishi kwenye fulana ya muuzaji, mfuko aliobeba mteja, kibao nyuma ya wanaobishana, au jina kutamkwa katikati ya ubishi: "Wewe hilo umelitoa kwa nani?" Liweke mahali ambapo mtu akiikata video ili kuipunguza, kisa kitaharibika.

*Sababu ya pili: njia ya kununua imekatika.*

"Bei njoo DM." Nawaomba wafanyabiashara wenzangu tuachane na hili. Mtu yuko kwenye foleni ya Buguruni, ameona kiatu, amekipenda, ana hela kwenye simu. Anaandika "bei?" Wewe unamjibu baada ya saa sita. Ameshashuka, ameshapika, ameshasahau. Taja bei ndani ya video, hata kama ni "kuanzia".

Kisha fanya haya matatu leo. Piga namba yako mwenyewe kwa laini ya mtu mwingine uone nani anapokea na anajibu nini. Mpe mgeni maelekezo yako ya dukani bila kumsaidia, maana "Kariakoo, Mtaa wa Kongo" si maelekezo, mtaa ule una maduka yasiyohesabika. Taja jengo, ghorofa na namba ya duka. Halafu jilipie shilingi mia tano kwenye lipa namba yako uangalie jina linalotokea. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mteja bila kujua: video inasema jina la duka, simu inaleta jina la mtu asiyemjua, mteja anaogopa utapeli na kughairi kimya kimya. Hakuambii. Anaondoka tu.

*Sababu ya tatu: waliotazama hawawezi kukufikia.* Kiswahili hakijui mpaka. Klipu ya mgahawa wa Mikocheni inaweza kuchekesha Mombasa na Goma usiku mmoja, lakini ubwabwa haufiki huko. Takwimu za ukurasa zitakuonyesha miji. Ikiwa wengi wako nje ya Dar na bidhaa yako haiozi, geuza hiyo kuwa biashara: sema wazi kwamba unatuma mikoani kwa basi kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, na utaje gharama. Ikiwa unauza chakula cha moto, kisa kinachofuata kifanye cha mtaa wako kabisa, na tangazo la kulipia lifunge kwenye eneo unaloweza kulihudumia.

*Sababu ya nne, ngumu kuliko zote: kichekesho hakina uhusiano na bidhaa.* Jiulize, nikitoa godoro nikaweka friji, kisa kinabaki vile vile? Kikibaki, umetengeneza kichekesho ukakipachika tangazo mkiani. Tazama walivyofanya Blendtec, watengeneza blenda wa jimbo la Utah, Marekani. Mwaka 2006 bosi wao, Tom Dickson, alianza kusimama mbele ya kamera kwa koti jeupe akisaga vitu visivyosagika, na mwaka 2007 akasaga iPhone. Ukitoa blenda, hakuna video. Kila aliyeisambaza alikuwa anasambaza uthibitisho kwamba mashine ina nguvu.

Simama hapa: kama umeshalipia kusukuma video hiyo hiyo mara mbili na ujumbe wa wateja haujaongezeka, sitisha malipo siku hiyo hiyo. Mtafute mtu ambaye kununua matangazo ndiyo kazi yake. Atakayekutajia bei kabla ya kuomba kuona takwimu zako, mwache.

Dalili ya 2: Video haitembei kabisa

Wanaonipigia kwa hili huanza na swali la saa: niposti saa ngapi? Katika niliyoyaona, saa ndiyo inayolaumiwa zaidi na ndiyo yenye kosa dogo zaidi. Angalia kwanza sekunde tatu za mwanzo. Ikiwa mchoro wa utazamaji unaporomoka hapo, umeanza na nembo inayozunguka au na "Habari zenu wapendwa". Kata. Anza pale ambapo jambo limeshaharibika: godoro limeshalowa, mteja ameshakasirika.

Inayofuata ni sauti. Watu wanatazama ndani ya mwendokasi, kazini, msibani. Zima sauti utazame video yako mwenyewe. Ukiwa huelewi kinachoendelea, weka maandishi makubwa kwenye picha. Halafu ukubwa wa faili: mwenye bando la siku hafungui video ya dakika nne kutoka kwa mtu asiyemjua. Toa nakala nyepesi ya WhatsApp, fupi, isiyopungua ubora wa maandishi.

Hayo yakiwa sawa na bado haitembei, tatizo liko kwenye hisia, na hapo panahitaji kufikiri. Jonah Berger na Katherine Milkman walichambua karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Makala zilizoamsha damu, iwe kwa mshangao, hasira au wasiwasi, zilitumwa zaidi. Zile za huzuni, inayomfanya mtu akae na kunyamaza, zilitumwa kidogo. Yalikuwa makala na hayakuwa video, lakini nimeona mwelekeo huo huo kwenye klipu. Tangazo la mama mjane anayelia litatazamwa hadi mwisho na halitatumwa kwa mtu.

Mimi huongeza swali moja kabla ya kuanza kurekodi: nani atamtumia nani, na ataandika nini juu yake? Kama siwezi kuisikia sentensi hiyo, "Mama Asha, huyu si wewe kabisa!", sirekodi.

WhatsApp nayo imefanya usambazaji uwe wa kuchagua. Tangu Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kuzunguka sana, ule wenye mishale miwili, unatumwa kwenye gumzo moja moja tu. Mtu hamwagi tena klipu kwenye magrupu ishirini kwa mkupuo. Anamfikiria mtu mmoja. Video inayomlenga kila mtu haipati huyo mmoja.

Simama hapa: usinunue watazamaji wala wafuasi. Akaunti bandia hazinunui, zinakuharibia takwimu zote ulizoandika kwenye daftari, na mtandao unaweza kukufungia ukurasa.

Dalili ya 3: Ilivuma wiki moja, ikazima

Hii ndiyo inayonishughulisha kuliko zote, kwa sababu hapa watu wameshafanya kazi ngumu na wanaiacha imwagike. Moto wa mabua: unawaka hadi kwa jirani, ukigeuka kuchukua sufuria umezimika.

Sababu kubwa ni kwamba hakukuwa na kitu cha pili. Video ya kwanza inampa mtu hamu, anafungua ukurasa wako usiku huo huo, anakuta bango la Sikukuu ya Idi ya mwaka juzi. Anatoka. Ukaguzi: jifanye mgeni, fungua ukurasa wako, hesabu vitu unavyoweza kutazama vinavyofanana na kile kilichokuleta. Visipofika vitatu, usitoe video kubwa bado. Nawashauri wateja wangu watengeneze tatu kwa pamoja, watoe moja, mbili zikae tayari.

Sababu ya pili ni komenti kuachwa. Wengi wanadhani komenti ni makofi ya baada ya onyesho. Kwangu komenti ni hadithi inayofuata, imeandikwa bure na wateja wako. Chapa ya manukato ya wanaume, Old Spice ya Marekani, mwaka 2010 ilikuwa na tangazo lililosambaa sana. Julai ya mwaka huo, badala ya kutoa tangazo jingine la gharama, walimweka mwigizaji wao Isaiah Mustafa bafuni na kwa siku chache wakarekodi zaidi ya video 180 fupi, akimjibu mtu mmoja mmoja aliyeandika mtandaoni. Waliojibiwa wakawaita marafiki zao kuja kuona.

Huhitaji bafu la studio. Mama lishe mmoja ninayefanya naye kazi, pale Makumbusho, alipata klipu nzuri ya kugeuza chapati. Chini yake mtu akaandika kwa ubishi, "Hiyo chapati imekauka kama CV yangu." Tulimshauri asikasirike. Kesho yake alisoma komenti ile kwa sauti mbele ya kamera, akachana chapati taratibu, mvuke ukatoka, akasema, "Baba, njoo na CV yako, nitakupa na maharage." Yule kijana alikuja kweli, tukamrekodi akila, na watu wakawa wanauliza kila wiki kama amepata kazi. Wateja walirudi kwa sababu ya kijana yule. Chapati zilikuwa zile zile.

Sababu ya tatu: kurudia utani ule ule hadi uchache. Ukirudisha mhusika, mbadilishie shida. Watu wanarudi kwa mtu wanayemjua, na mzaha waliokwisha kuusikia wanaupita.

Na ya nne haiko kwenye video kabisa. Mtu alikuja, akanunua, akajibiwa ovyo. Hapo hakuna klipu itakayomrudisha. Uliza wateja kumi wa wiki ya msukosuko kama watarudi, na sikiliza bila kujitetea.

Dalili ya 4: Oda zimezidi, watu wameanza kulalamika

Dollar Shave Club, wauza nyembe wa Marekani, walitoa video yao ya kwanza Machi 2012. Tovuti ikazidiwa na kuanguka, na ndani ya saa 48 walikuwa na oda kama 12,000. Kilichowaokoa ni kwamba biashara yao ilikuwa ya kutuma nyembe kila mwezi; waliohudumiwa walibaki wateja muda mrefu baada ya video kusahaulika, na mwaka 2016 Unilever ikainunua kampuni.

Hapa kwetu mtandao hauanguki, anachoka dada wa dukani. Mzigo ukiisha, sema umeisha, asubuhi ile ile, kwenye komenti iliyobandikwa juu, na utaje siku utakayoingia. Usipokee hela ya mzigo usio nao. Mteja husamehe kusubiri, ila kudanganywa hakusamehe.

Simama hapa: kama umeshapokea malipo kuliko mzigo ulio nao, acha kuposti. Kaa na mhasibu mpange nani anarudishiwa na nani anasubiri, kabla ya kutoa hata sentensi moja mtandaoni.

Dalili ya 5: Komenti zimejaa hasira

Tenganisha kwanza. Wanakasirikia bidhaa, au kisa? Kama ni bidhaa, wapigie mmoja mmoja na ubadilishe. Kama ni kisa, waonyeshe video watu wa rika, dini na jinsia tofauti na yako, wakueleze kilichowaumiza. Pepsi mwaka 2017 walitoa tangazo lililotumia maandamano ya kudai haki kama pambo la kuuzia soda. Siku iliyofuata waliliondoa na kuomba radhi. Kuondoa mapema kuna heshima kuliko kubishana siku tano.

Usifute komenti za wanaolalamika kwa adabu. Watapiga picha ya kioo, na picha hiyo itatembea kuliko tangazo lako.

Simama hapa: kama malalamiko yanasema umedanganya kuhusu bei, ubora au uwezo wa bidhaa, mtafute wakili kabla ya kujibu. Tume ya Ushindani inashughulikia matangazo ya upotoshaji kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Na kama unauza dawa au kitu unachodai kinatibu, hiyo video haikupaswa kutoka bila kupita Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Dalili ya 6: Watu wanasema walikulipa, wewe huna habari

Matapeli wamefungua akaunti kwa jina na picha zako. Hutokea karibu kila klipu inapovuma. Tafuta jina lako kwenye kila mtandao, kwa herufi zilizoongezwa na nukta katikati. Ripoti akaunti, waombe wafuasi nao waripoti, na rekodi video fupi ya uso wako ukitaja namba moja tu ya kulipia. Namba zinazotuma ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuzituma kwenda 15040.

Simama hapa: usijifanye mpelelezi wala usiposti picha ya mtu unayemshuku. Aliyeibiwa aende polisi na ushahidi wa muamala. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa ajili hiyo.

Dalili ya 7: Sauti imezimwa, au video imeondolewa

Karibu kila mara ni muziki. Wimbo unaoruhusiwa kwa mtu binafsi kufurahia nao si lazima uruhusiwe kwenye tangazo la biashara. Badilisha sauti upandishe upya, au mlipe kijana wa mtaani akupigie mdundo wako na mkaandikiana. Ukitaka wimbo unaojulikana, anzia kwa mwenye haki na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kabla ya kurekodi.

Ikiwa haikuwa muziki, angalia nyuso. Mpita njia wa Feri uliyemrekodi akigombana na muuza samaki hakukubali kuwa tangazo lako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Akilalamika, toa video kwanza, mfuate yeye mwenyewe, zungumza naye. Akiwa ni mtoto, toa hata kama hajalalamika mtu, na usiirudishe mpaka mzazi amesaini na wakili ameisoma hiyo karatasi.